Fundi Kahiga na Mti wa Nyuzi za Kioo

Ukitaka kumuudhi Moffat Kahiga, hukuhitaji kumwita mlevi wala mvivu. Ilitosha kumwambia kwamba mlango alioutengeneza umekaa upande. Angeacha chai ikapoa, akatembea maili mbili na timazi mfukoni kwenda kuukagua, na akiukuta umenyooka angerudi kukutafuta akueleze kwamba aliyepinda ni wewe.

Alikuwa fundi wa chuo kimoja cha walimu kwenye vilima vya Nyeri, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati wazungu walikuwa wanafunga mizigo na Waafrika wanajifunza kukalia viti vyao. Alitengeneza madawati, akaziba mabati, akafunga vitasa. Chuo kilimpa chumba na jiko nyuma ya karakana, na hapo ndipo alipoishi na mkewe Murugi na binti yao Ngendo. Lakini kilichompa jina hakikuwa madawati. Ilikuwa mianzi.

Wanachuo walikuwa na mchezo wa kuruka kwa mti. Mtu anakimbia na mti mrefu mikononi, anausimika kwenye kisanduku kilichozikwa ardhini, anajirusha nao juu, anapita juu ya ufito uliolazwa kwenye nguzo mbili, kisha anaangukia rundo la unga wa mbao. Siku hizo mti wenyewe ulikuwa mwanzi, na mwanzi wa Kahiga haukuwa na mwenzake kutoka Nyeri hadi Nanyuki. Aliufuata mwenyewe huko juu ya Mweiga, kwenye ukingo wa msitu, mwezi wa pili kukiwa kukavu. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akaukataa, akagonga mwingine. Aliouchagua aliutundika juu ya moshi wa jikoni kwa Murugi miezi miwili, mpaka Murugi akachoka kuinamisha kichwa kila akipika. Halafu akaupaka mafuta ya kondoo, akaupitisha juu ya makaa polepole hadi utoke jasho, na palipopinda akapakandamiza kwa goti, akashikilia hapo hadi papoe. Mwanzi ukinyooshwa namna hiyo hausumbui tena. Aliifanya kazi hii miaka kumi na mitano bila mwanzi hata mmoja kumsaliti.

Mwaka wa 1971 likaja sanduku. Mwalimu mmoja Mkanada aliyekuwa amefundisha hapo miaka miwili alikuwa ameahidi, siku ya kuagwa, kwamba akifika kwao atawatumia mti wa kisasa. Watu walipiga makofi wakasahau. Yeye hakusahau. Sanduku likasafiri kwa meli, likapanda treni, likachukuliwa stesheni na lori la chuo siku ya Jumamosi. Lilikuwa refu kama jeneza la twiga, na wanachuo walilizunguka wakicheka. Mwalimu wa michezo, Bwana Peterson Ngatia, hakuwepo. Alikuwa amekwenda Karatina kupeleka mahari ya binamu yake. Mkuu wa chuo akamwambia Kahiga alifungue, aweke kilichomo stoo, na ufunguo akae nao yeye peke yake.

Basi Kahiga akawa peke yake karakanani na kile kitu. Ulikuwa mti wa rangi ya asali, laini, mwepesi kuliko alivyotegemea, wenye uwazi ndani kama mwanzi lakini bila vifundo. Kulikuwa na karatasi pia, imeandikwa Kiingereza kitupu. Kahiga alisoma Biblia ya Kikuyu na Kiswahili cha kujikongoja. Kiingereza kilimpita juu. Akaichukua karatasi akaitia kwenye droo ya Bwana Ngatia. Akaurudia mti, akaulaza juu ya meza ya kazi, akafumba jicho moja.

Ulikuwa umepinda.

Haikuwa sana. Upana wa vidole viwili katikati, basi. Mtu mwingine asingeona. Kahiga aliona, na moyo ukamuuma kwa huruma. Wazungu wa watu, mti mzuri namna hii, wameuacha ukapindwa na meli! Akafikiria Bwana Ngatia akirudi Jumatatu na kuukuta hivyo. Akamfikiria Thuranira, yule kijana Mmeru aliyewashinda wote kuruka, akikabidhiwa kitu kilichopinda. Akawasha makaa.

Aliupaka mafuta ya kondoo. Akaupitisha juu ya makaa polepole, akiuzungusha, kama alivyofanya siku zote. Haukutoa jasho. Ulitoa harufu, harufu ya kitana cha plastiki kilichoangukia jiko, na Murugi akaita kutoka nyuma.

"Baba Ngendo, ni nini inaungua huko?"

"Hakuna kitu. Ni kazi."

Akaukandamiza kwa goti. Mti ukatii upesi mno, bila ule ubishi wa mwanzi, na ulipopoa ulikuwa umenyooka kabisa. Lakini pale katikati, mahali pa ukubwa wa kiganja, rangi ya asali ilikuwa imeondoka. Palibaki doa jeupe kama maziwa, na ndani yake mistari midogo midogo. Akalisugua kwa mafuta. Akalisugua kwa kitambaa. Doa halikutoka. Hakupenda kitu kilichotoka mikononi mwake kiwe na doa, basi akachukua plasta ya kitambaa kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akaizungusha hapo vizuri, safu juu ya safu, bila mkunjo hata mmoja.

Jumatatu wakakusanyika uwanjani. Bwana Ngatia alikuwa na karatasi mkononi na furaha ya mtu aliyekula nyama ya mahari siku mbili. Thuranira alisimama karibu naye, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye mikono mirefu zaidi. Kahiga alisimama nyuma kidogo akingoja kusifiwa.

"Enyewe hii mti ni maajabu," Bwana Ngatia akasema, akitafsiri. "Ati ndani iko na nyuzi ya kioo, elfu kwa elfu, zimeshikwa pamoja na gundi. Nyuzi ndiyo inabeba mtu, lakini ni gundi inafanya zibebe pamoja. Gundi ikiharibika, kila uzi inabaki peke yake. Inabeba mtu wa kilo sabini, isizidi. Na hapa, sikizeni hapa. Wanasema hii mti imepindwa kidogo makusudi, ndiyo ijue ni upande gani itakunjika. Ati isinyooshwe. Na isiwekwe karibu na moto, gundi ikishika joto inakufa."

Akauinua, akafumba jicho moja, akiiga Kahiga.

"Lakini hii yetu imenyooka kabisa. Labda wametuma ya aina ingine. Na hii plasta, fundi?"

Hiyo ndiyo dakika. Kahiga aliikumbuka maisha yake yote: jua la saa nne, kunguru mmoja juu ya nguzo, macho ya watu wote yakimtazama kwa heshima. Neno lilikuwa tayari. Alihitaji tu kufungua mdomo.

"Ni ya kushikia, mwalimu. Mkono isiteleze."

"Wah! Fundi, wewe unafikiria kila kitu."

Wakacheka, wakaenda kuruka.

Kahiga alijipa moyo kwamba si kitu. Mwanzi husahau moto, kwa nini kioo kisisahau? Na kwa wiki kadhaa ilionekana kweli si kitu. Thuranira, ambaye kwa mwanzi hakuwahi kuvuka futi kumi na moja na nusu, alivuka kumi na mbili, kisha kumi na tatu. Mti ulikunjika kama upinde halafu ukamrusha juu, na wapishi wakaacha sufuria wakaja kutazama. Hakukuwa na mtu mwingine mkoani aliyekaribia hapo. Mashindano ya mkoa yangekuwa mjini Nyeri mwezi wa nane, na mshindi angekwenda Nairobi kuchaguliwa timu ya taifa. Thuranira alishamwandikia mama yake huko Nkubu.

Kila alipotua salama, watu wakishangilia, Kahiga alikuwa akiitazama plasta. Jumapili moja alijifungia stoo akafungua plasta. Doa lilikuwa la ukubwa wa kiganja. Sasa lilikuwa na urefu wa unyayo wa mtu, na ile mistari ilikuwa imezaa mingine. Akalifunga tena kwa plasta mpya.

Kesho yake alimwita Thuranira pembeni.

"Kijana yangu, siku ya mashindano tumia mwanzi. Nimekuwekea moja mzuri sana."

"Mwanzi, fundi?"

"Mwanzi ndiyo tunajua. Hii kitu ya wazungu hatujui."

Thuranira akamtazama, akaanza kucheka, akamshika bega kwa upendo. "Mzee, kumbe unaonea hii mti wivu!" Wenzake wakasikia, na kuanzia siku hiyo kikawa kichekesho cha chuo kizima: fundi Kahiga anaona wivu kwa mti.

Akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo. Alifika mlangoni na kofia mkononi, akakuta wageni kutoka wizarani. Mkuu akasimama kwa furaha. "Huyu ndiye fundi yetu niliwaambia. Mti ya Canada anaitunza kama mtoto yake." Wageni wakainuka wakampa mkono, mmoja baada ya mwingine. Akasema amekuja kuangalia kitasa, akakiangalia, akaondoka.

Aliwaza kuukata kwa msumeno na kusema umevunjika. Lakini ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye tu. Aliwaza kuuiba. Ufunguo, tena. Kila njia aliyoiwaza ilirudi kwenye neno lile lile, na neno lile lingemtoa kazini, lingemtoa kwenye kile chumba nyuma ya karakana, na lililo baya zaidi, lingemfanya kuwa fundi aliyeharibu. Tuseme ukweli bila kumwonea: hofu ya kulala nje ilikuwepo, lakini aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kahiga alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Hakujua kuwa mtu mwingine.

Siku ya mashindano watu walijaa uwanja wa mji mpaka juu ya miti. Siku iliyotangulia Thuranira alikuwa amepimwa kwa mizani ya kupimia viazi iliyoazimwa sokoni, na sindano ilisimama kwenye sabini kamili. Akavuka futi kumi na mbili. Akavuka kumi na tatu, na wengine wote wakawa wameshindwa. Alikuwa ameshashinda. Kahiga alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu Thuranira akaomba ufito upandishwe hadi kumi na tatu na nusu, ajaribu rekodi.

Alikimbia vizuri. Alisimika vizuri. Mti ukakunjika, ukakunjika zaidi, ukalia kama bunduki.

Thuranira hakuangukia unga wa mbao. Aliangukia kile kisanduku, goti likatangulia. Kipande cha chini cha mti kilibaki kimesimama, nyuzi zikipepea mwishoni kama katani. Watu wakainuka, na mtu mmoja wa jukwaa la waamuzi akasema kwa sauti:

"Huyo alikula asubuhi. Amezidisha kilo."

Ilitosha. Kabla machela haijatoka uwanjani, lilikuwa limeshakuwa jambo linalojulikana. Karatasi ilisema sabini. Jana alikuwa sabini kamili. Leo lazima alizidi. Bwana Ngatia, machozi machoni, aliinama juu ya machela. "Thuranira, ulikula?"

"Nilikunywa uji, mwalimu," Thuranira akasema. "Sori. Nilikunywa uji."

Kahiga alikuwa hapo hapo, ameshika upande mmoja wa ile machela. Aliubeba mpaka kwenye gari.

Jioni aliomba apewe vipande vya mti, akapewa. Nani mwingine angevitaka? Alivitazama karakanani kabla jua halijazama. Nyuzi nyingi zilikuwa nzima. Gundi ndiyo iliyokuwa imekufa, imegeuka unga mweupe, na nyuzi zimeachwa kila mmoja peke yake, kama karatasi ilivyosema. Jambo lilimwingia akilini lote kwa mara moja, naye akakaa chini kwenye maranda. Halafu akainuka, akakata kile kipande chenye plasta, akakitia jikoni kwenye moto. Murugi alikuwa anasonga ugali. Aliisikia ile harufu, akaikumbuka, akaacha mwiko.

"Ni wewe," akasema.

Kahiga akauchochea moto.

"Enda useme, Baba Ngendo."

"Nikisema tutalala wapi?"

Murugi akaugeukia ugali wake. Hakulitaja tena mpaka alipofariki mwaka wa 1979, na Kahiga hakuwahi kujua kama kunyamaza kule kulikuwa kumsamehe au kumwacha.

Goti la Thuranira lilipona likiwa limekakamaa. Alichechemea nalo maisha yake yote. Nairobi alikwenda mwingine. Katika miezi aliyolala hospitali, Kahiga alimtembelea kila siku, na supu ya Murugi kwenye kopo. Akamchongea magongo ya mzeituni, akayapiga msasa hadi yakang'aa. Akamwandikia barua kwa mama yake. Kila wema alioufanya ulikuwa umekaa mahali pa lile neno, na kila wema ulilisukuma neno mbali zaidi, kwa sababu utamwambiaje mtu anayekuita baba kwamba wewe ndiye uliyemvunja?

Maana sasa alimwita baba. Thuranira alimaliza ualimu, akapangiwa shule huko Othaya, kwenye mashamba ya chai, akaoa msichana wa kwao aitwaye Gaceri. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, Kahiga alikuwa mgeni wao. Mwaka wa 1975 walipopata mtoto wa kiume, Gaceri alimweka kwenye mapaja ya Kahiga.

"Huyu anaitwa Kahiga," akasema.

"Hapana. Hapana, mama. Patia yeye jina ya kwenu."

"Kwetu Meru tunapatia mtoto jina ya mtu mwenye tabia tunataka mtoto akuwe nayo. Tumefikiria, tukaona ni wewe."

Kahiga alimrudisha mtoto upesi, akajifuta macho. Wakasema ni furaha. Siku hiyo hakula.

Na bado halikuwa hilo lililomtesa zaidi. Lililomtesa ni uji. Thuranira aliusimulia tena na tena, kwa darasa, kwa jirani, kwa mwanawe alipokua: vikombe viwili, asubuhi ile, akijua kwamba mizani imeshasimama sabini. "Nilijua," alikuwa akisema. "Karatasi ilisema. Tamaa ya uji tu." Hakuwahi kuulaumu mti, wala Mkanada, wala mtu yeyote. Alikuwa mwalimu mwema, mwenye shule iliyoshinda mbio za wilaya mara nne, lakini kuruka kwa mti hakufundisha. Alisema aliyeudanganya mti hana haki ya kuufundisha.

Vifaa vipya viliendelea kuja. Mwaka wa 1981 mzungu mmoja wa Nanyuki alimletea Kahiga raketi ya kaboni iliyopata ufa, nyeusi, nyepesi kama unyoya. Alikuwa ameambiwa huyu ndiye fundi. Kahiga hakuigusa hata kwa kidole. Mzungu akaondoka akisema mafundi wa zamani wana kiburi.

Kahiga alistaafu mwaka wa 1983, akahamia kwenye kipande chake cha shamba karibu na Mweiga, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, imenyooka kila kona. Ile hofu ya kulala nje ilikuwa imekwisha. Alibaki na aibu peke yake, na aibu, alikuja kugundua, haikuhitaji msaada wa hofu. Wiki moja baada ya kuhama, Gaceri alikuja kumtafuta, amefunga kitambaa kichwani kwa haraka.

"Baba, wamemwandikia barua kutoka ofisi ya mkoa. Wanataka akuwe mwalimu wa warukaji wa mkoa mzima. Iko na nyumba Nyeri. Miti mpya ya kioo imekuja sita. Wamesema hakuna mtu anajua hii kitu kama yeye."

"Na yeye anasema nini?"

"Anakataa! Ati ataambia vijana nini, na yeye alidanganya kilo. Miaka kumi na mbili, baba, juu ya vikombe mbili ya uji! Ako na hadi Ijumaa ajibu. Ongea na yeye. Wewe ndiyo anasikia."

Ilikuwa Jumatano. Kahiga alikaa na lile jambo siku nzima. Kwa mara ya kwanza halikuwa tena kosa la zamani la kusikitikia. Lilikuwa mlango wa mtu mwingine, umefungwa, na yeye ndiye aliyekuwa ameuegemea. Alhamisi asubuhi alivaa koti la kanisani, akashika njia ya Othaya. Thuranira alimkuta ameketi sebuleni, kofia magotini, hajagusa chai.

"Mzee, Gaceri alikuja kukusumbua."

"Kaa chini, Thuranira. Si uji."

"Ati?"

"Haikuwa uji. Ni mimi. Ile mti ilikuja imepinda, vile karatasi ilisema. Nikainyoosha kwa makaa. Hiyo Jumamosi. Nikaua gundi. Ikatoka doa, nikafunika na plasta. Haikuwa ya kushikia. Nilijua, na nikakuacha ukaruka."

Alisema yote bila kupumzika, na alipomaliza alijiona mwepesi, mwepesi hasa, kama mtu aliyetua gunia la viazi mlangoni. Alingoja apigwe. Alingoja afukuzwe. Alikuwa radhi kwa lolote.

Thuranira alimtazama. Macho yake yakajaa machozi. Akainuka, akachechemea hadi kwa Kahiga, akamshika mikono yote miwili.

"Baba," akasema. "Baba, asante. Lakini hapana."

"Hapana nini?"

"Najua kwa nini unafanya hivi. Gaceri amekuambia, ukaona uje ubebe makosa yangu. Ulinibebea supu, ukanichongea magongo, sasa unataka kubeba na hii."

"Sibebi! Ni yangu!"

"Ile mti haikuwa imepinda. Niliishika mimi mwenyewe Jumatatu. Ilikuwa imenyooka kama rula. Hata Bwana Ngatia aliona."

"Ilikuwa imenyooka kwa sababu nilinyoosha!" Kahiga alikuwa amesimama sasa, sauti inapasuka. "Nilichoma ile kipande na plasta! Murugi aliona!"

"Mama Murugi ametuacha, Mungu amlaze pema. Na Bwana Ngatia pia. Baba, kunywa chai, inapoa." Akageukia jikoni. "Gaceri! Kuja usikie kitu huyu mzee amekuja kunifanyia."

Gaceri alikuja, akasikia, akalia. Wakamkumbatia wote wawili. Kahiga aliapa kwa jina la mama yake. Aliueleza moto, harufu, goti, rangi ya doa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo walivyozidi kumtazama kwa upendo, jinsi mzee wa watu alivyojitahidi kuupanga uongo wake vizuri. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi ya kuwa mtu mwema mbele yao, na alikuwa fundi mzuri. Hakuacha ufa wowote.

Ijumaa Thuranira aliandika barua ya kukataa.

Jumapili walimchukua Kahiga kanisani kwao, wakamketisha mstari wa mbele. Wakati wa ushuhuda Thuranira alisimama, akashika ukingo wa benchi ili goti lipumzike, akawaeleza waumini kuhusu mzee aliyetoka Mweiga na koti lake la kanisani, akaja kusema uongo kwa mara ya kwanza maishani, ili mtu mwingine awekwe huru. "Anayetaka kujua upendo ni nini, amtazame huyu," akasema. Yule mtoto wa miaka minane, Kahiga mdogo, aligeuka na kumtazama kwa fahari. Kanisa zima likapiga makofi.

Kahiga akasimama. Aliwatazama wote, akafungua mdomo, na neno likatoka wazi bila kigugumizi.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi niliharibu mti."

Wakapiga makofi zaidi, wengine wakasimama. Makofi hayakuisha hadi alipoketi.